Mgawa Mirathi wa Mkunazini

Maalim hakugawa mirathi ya mtu mpaka aambiwe marehemu alipenda kula nini. Waliomjia mara ya kwanza walidhani anafanya maskhara. Walikuja na mambo yao yamepangwa kichwani, nyumba hii na mikarafuu ile, mke na watoto, wakitaka kila mmoja asikie fungu lake warudi makwao. Yeye aliwakalisha juu ya jamvi katika chumba chake cha chini pale Mkunazini, akawamiminia kahawa, akauliza, "Alikuwa akipenda kula nini?" Akijibiwa hilo aliuliza marehemu alikuwa akicheka vipi, na nani alikuwa akimuudhi. "Nishushieni mtu kwanza," alikuwa akisema. "Hesabu haiendi popote."

Nakumbuka ndugu watatu wa Malindi ambao hawakuwa wakisemezana tangu baba yao azikwe. Mkubwa alijibu kwa hasira kwamba baba yao alipenda wali.

"Wali kila mtu anapenda," Maalim akasema. "Nataka chake yeye."

Kisha mdogo, macho yake chini, akasema, "Ukoko."

Wa kati akageuka kumtazama. "Kweli. Alikuwa akiingia jikoni watu wamelala adhuhuri, anakwangua chungu. Mama akidhani ni paka."

"Yule paka alipigwa bure," mkubwa akasema, na wote watatu wakacheka mpaka mmoja wao akaanza kulia. Sisemi kwamba walipatana. Waligombea saa ya ukutani kuanzia ndani mpaka mlangoni, na huko njiani waliendelea. Lakini waligombana kama watu waliokula sahani moja.

Kwa marehemu alikuwa na subira isiyokwisha. Kwa walio hai hakuwa nayo. Muuza kahawa akipita anagonganisha vikombe vyake, Maalim alitoa kichwa dirishani akamtukana, kisha akanunua. Sisi wanafunzi alitukataza tambuu, na meno yake yalikuwa mekundu kama matofali. "Wekundu huu ni wa ujanani," alitwambia, na tambuu iko shavuni. Alitoka msikitini na makubadhi ya watu, mara nyengine moja la huyu na moja la yule, na wenyewe walimfuata mpaka nyumbani bila kelele kwa sababu walishazoea. Tena alikuwa mwoga wa punda. Akikutana naye katika vichochoro vyetu, naye punda amebeba mawe, Maalim alijibandika ukutani akafumba macho, akisoma dua, mpaka mnyama apite. Watoto walikuwa wakilia kama punda nyuma yake ili wamuone anavyoruka.

Wazee wa mtaa walisema zamani hakuwa hivyo. Uoga wa punda alikuwa nao tangu hapo, lakini katika kazi yake alikuwa mwepesi kuliko wote. Alimaliza kugawa kabla kahawa haijapoa, na alisifiwa kwa hilo. Ghafla akawa mzito, wa maswali. Walidhani ni uzee unamjia mapema. Mimi nilijua si uzee. Nilikuwepo siku aliyobadilika, na aliyegawa siku hiyo si yeye, ni mimi.

Baba yangu alikuwa na nyumba mjini na mashamba ya mikarafuu. Kaka yangu na dada yangu walizaliwa na mkewe. Mimi nilizaliwa na suria, yaani mjakazi aliyezaa na bwana wake. Kwa sheria ya wakati ule mimi nilikuwa huru na mrithi sawa na wenzangu, na mama yangu naye akawa huru saa ile ile baba alipokata roho. Lakini hakuwa mke, na asiye mke harithi. Hiyo ilikuwa kabla haijatoka amri ya kuwaacha watumwa huru, na hata ilipotoka, masuria waliachwa nje kwa miaka mingi.

Nilikuwa na kichwa cha hesabu. Sijisifu. Nilizaliwa nacho kama mwengine anavyozaliwa na kibyongo. Nilikuwa bado mtoto wa chuoni, nasoma kwa Maalim, na tayari watu walinisimamisha njiani wanijaribu. Baba alipofariki, mama yake, bibi yetu, alimfuata siku chache baadaye kabla hakijagawanywa kitu. Mirathi ya namna hiyo, kifo juu ya kifo, huwasumbua hata wanaoijua. Wanaume walikaa barazani kwetu, Maalim katikati, wakaanza na mafungu mia na ishirini ili fungu la bibi lipatikane kisha nalo ligawanywe. Maalim akaniona mlangoni. Akatabasamu. Alikuwa akijivunia mimi.

"Njoo, mwanangu. Waoneshe wazee."

Nikasimama mbele yao. Nikasema, "Bibi muacheni. Hana mrithi ila sisi watoto wa mwanawe, fungu lake linarudi kwetu vile vile. Arubaini inatosha. Mke matano, kaka kumi na nne, mimi kumi na nne, dada saba."

Wakatazamana. Mmoja akahesabu kwa vidole, akapiga paja lake. Mwengine, mzee mcheshi, akauliza kwa mzaha, "Na mama yako je, mwanachuoni?"

Nikajibu kwa sauti niliyofundishwa kusomea maulidi, iliyo wazi, inayofika mpaka ghorofani: "Huyo hana fungu. Si mke."

Wakasema mashaallah. Mama yangu alikuwa amesimama nyuma ya pazia la mlango wa ndani. Niliona vidole vya miguu yake chini ya kitambaa. Nilipotazama tena havikuwapo.

Nilichosema kilikuwa sahihi, na hiyo ndiyo shida yake. Lakini kila aliyesoma mirathi ameagizwa kwamba wakati wa kugawanya, waliohudhuria wasio na fungu wapewe chochote na waambiwe maneno mazuri. Agizo hilo nililijua kwa moyo. Nililiruka kwa sababu halina hesabu ndani yake. Na wazee wote waliokuwa pale waliliruka pamoja nami, kwa sababu walikuwa wakishangaa mtoto.

Mama hakufukuzwa na mtu. Kabla ya alasiri alifunga nguo zake, akaenda Bwejuu kwa mwanamke waliyetumika naye nyumba moja na aliyekwisha kuachwa huru. Huko akaishi kwa kufukia makumbi ya nazi pwani na kusokota kamba. Hakuniaga.

Kaka yangu alinilea vizuri. Sina la kumlaumu. Ila tangu siku ile ilikuwako sauti. Haikuwa ya mama. Ilikuwa yangu mwenyewe, ya kitoto, safi, na ilitoka nyuma ya mapazia: huyo hana fungu. Na mji wetu, kila mlango una pazia. Nikipita mahali nikaisikia, mkono wangu ulikwenda wenyewe. Nilirarua pazia la jirani. Nilirarua la chuoni. Katika harusi moja, nilipokwisha kuwa kijana wa kutoka ndevu, niliangusha pazia la chumba alimokaa bibi harusi, na wenye harusi walinipiga mpaka nikazimia. Wapo waliosema nina pepo, wakataka nipigiwe ngoma. Masomo nayo niliyageuza silaha. Nilikwenda darasani kwa watu kuwasubiri wakosee, nikawasahihisha mbele ya wanafunzi wao, nikatoka nacheka.

"Akili yote hiyo," kaka alinambia, "na siwezi kukuingiza nyumba ya mtu."

Akanichukua kwa mkono mpaka Mkunazini. Nilipomuona Maalim nikasema, "Huyu simtaki. Huyu ndiye aliyeniita."

"Naam," Maalim akasema. "Ndiye mimi."

Kesho yake nilipokwenda, pazia la mlango wake halikuwapo. Alikuwa amelitoa, na la mlango wa ndani pia. Mkewe alilalamika kwa miezi. "Maalim, mtaa mzima unajua leo napika mchicha!"

"Na wao wapike samaki," akamjibu, "tuwaonee wivu."

Nilimsumbua sana. Alikuwa akinipa mfano wa kugawa, nami najibu kabla hajamaliza kusema. "Sahihi," alisema. "Sasa anza."

"Nianze nini, nami nshamaliza?"

"Huyo mke, jina lake nani?"

"Hana jina. Mfano tu huo."

"Mpe."

Nikampa jina chafu, la kutukanana vijana. Maalim hakukunja uso. "Haya. Bi huyo, alipenda kula nini?" Mwanafunzi mwengine angepigwa bakora. Nilimletea majina machafu mpaka yakaniishia, na kila mwenye jina chafu aliulizwa habari zake, na mimi nikalazimika kuzitunga. Pole pole, kwa uvivu wa kutunga, nikaanza kuwapa habari za watu ninaowajua. Huyu akapata kikohozi cha jirani yetu. Yule akapata mwendo wa dada yangu. Nilikuwa sijawahi kugundua kuwa dada yangu anaburura mguu mmoja kidogo.

Siku moja akasema, "Leo tumgawe baba yako."

Nikasimama. Nilitafuta kitu cha kurarua, hakikuwapo. Mlango ulikuwa wazi, mwanamke wa njiani anapita na kikapu, jua liko sakafuni.

"Alipenda kula nini?"

"Mkate wa kumimina," nikasema, nimesimama vile vile. "Wa jana. Ukianza kukauka."

"Nani aliyejua kwamba anautaka wa jana?"

"Mama. Alikuwa akimfichia."

"Na bibi yako, uliyesema tumuache?"

"Alikuwa akinisugua masikio kwa mate yake." Hapo nikakaa.

"Nani mwengine alikuwapo?"

Nikamwambia. Nilimwambia vidole vya miguu, hina iliyofifia ya sikukuu, kitambaa cha pazia na rangi yake. Nililia kama anavyolia mtoto, kwa kamasi. Maalim aliniacha. Nilipotulia akasema, "Hili nalo ligawanywe. Hesabu uliifanya wewe. Kuita nilikuita mimi, na kucheka tulicheka wote. Umekaa na fungu langu miaka yote hii. Nirudishie."

Nikamtazama usoni, na kwa mara ya kwanza nikaona kuwa ni mtu asiyelala vizuri.

Sauti haikuondoka siku ile. Hata leo, nikiwa mzee nisiye na meno, huja. Lakini tangu siku ile niliweza kupita penye pazia mikono yangu ikakaa kimya. Maalim hakulirudisha lake mpaka mkewe alipotishia kurudi kwao.

Nilikwenda Bwejuu peke yangu. Nilimkuta mama amechutama ufukweni, anafukua makumbi, mikono imekuwa myeusi kwa matope yale yanayonuka. Aliniona, akainuka, akafunika kichwa.

"Karibu, bwana," akasema.

Nikadhani hakunijua. "Mama, ni mimi."

"Nakujua, bwana. Karibu."

Alinitandikia mkeka bora wa nyumba ile na yeye akakaa chini kwenye udongo. Alinipikia, akaniletea maji ya kunawa, akaenda kula jikoni. Nilipomwomba tule pamoja alisema, "Aa, bwana, haifai." Wajakazi walimwita baba yangu hivyo hivyo, kwa sauti hiyo hiyo. Nilikuwa nimetunga maneno njia nzima. Sikusema hata moja. Nilipoondoka alinisindikiza hatua chache nyuma yangu.

Hapa ndipo lilipo kosa langu, na la utotoni silihesabu karibu nalo, maana sasa nilikuwa mtu mzima na sikuitwa na mtu. Sikurudi. Nilipata kazi ya uandishi kwa kadhi, nikaoa, nikawa mtu wa kuheshimika. Nikampelekea mama mchele na nguo kwa mkono wa watu, kila mwezi, bila kukosa, na nikajiambia kuwa namtunza. Watu waliporudi niliuliza, "Amesema nini?" Wakajibu, "Amesema bwana asante." Ikapita miaka hivyo. Nilikuwa nikikutana na Maalim njiani, nambusu mkono, naye ananitazama muda mrefu kuliko salamu inavyotaka.

Siku za mwisho nilizokaa naye zilianza kwa yeye kuja ofisini kwangu. Alikuwa amezeeka, macho yameingia ukungu, na makubadhi aliyovaa hayakuwa yake.

"Mama yako bado anakwita bwana?"

"Sijui, Maalim. Siendi."

"Nipeleke."

"Bwejuu mbali, Maalim. Safari ya punda."

Akashika ukingo wa meza yangu. Kisha, kwa sauti ndogo, "Punda mkubwa?"

Nitasema jambo moja hapa ili nisimalizie nalo: Maalim alifariki kabla ya mwezi ule kuisha, na mama hakumaliza mwaka. Muda nilioupata na mama ni huo tu, na aliyeupoteza wakati mwengine wote ni mimi.

Tulilala Tunguu kwa watu, tukafika Bwejuu siku ya pili. Njia nzima Maalim alifumba macho, mkono mmoja kwenye shingo ya punda na mwengine umenishika bega mpaka likafa ganzi. Kila punda alipotikisa sikio alisema, "Mwambie asifanye hivyo."

Mama alikuwa ukumbini anasokota kamba pajani. Alikuwa amekonda. Aliinuka akafunika kichwa.

"Karibuni, mabwana." Akataka kutandika mkeka.

"Uache, bibi," Maalim akasema, na akakaa chini kwenye udongo na joho lake, kwa shida, kama mtu anayeshushwa kwa kamba.

"Maalim! Udongo huo."

"Nimeuona. Kaa nawe." Alipokaa akasema, "Unanijua?"

"Nakujua. Ulimsomesha bwana."

"Siku ile kwenu, aliyemwita mtoto aje mbele za watu ni mimi. Yeye alikuwa na kichwa tu. Ndevu zilikuwa zangu. Nilijua kuwa umesimama pale, maana mwenye nyumba, Mungu amrehemu, alikuwa akikusifu kwa kahawa, na kahawa ilikuja na mkono wako. Nilitakiwa nikwambie neno zuri. Nikanywa kahawa yako nikaondoka. Nimekuja kukwambia kuwa nilikosa, na kwamba sikuja mapema kwa sababu niliona haya. Punda ni kisingizio."

Mama aliendelea kusokota. Kamba ilirefuka juu ya paja lake. Mimi nilikaa pembeni sijui niweke wapi macho.

"Sauti yake ilikuwa nzuri," akasema hatimaye. Hakunitazama. Alikuwa akizungumza na Maalim. "Mimi nilikuwa sijui hesabu. Nilisimama pale nasema moyoni, msikilize mwanangu anavyosema mbele za wanaume. Hata alipolisema lile neno, nilikuwa bado nimefurahi. Lilichelewa kuniingia."

"Na lilipokuingia?"

"Nikaona kweli. Ana mafungu kumi na nne, na mama asiye na hata moja amekaa jikoni kwake. Watu wangemwambia kila siku. Nikasema nimuondoshee. Sikuondoka kwa hasira, Maalim. Watu wamesema hasira. Niliondoka ili asione haya."

Maalim akainamisha kichwa. Machozi yalimtiririka ndevuni bila sauti, kama yanavyomtoka mzee, na hakujaribu kuyafuta. Miaka yote niliyokuwa nikimpelekea mchele, yeye alikuwa akiniita bwana ili nisiwe na mama wa kunionesha haya.

Nikasema, "Mama." Lilitoka dogo. Nikasema tena, "Mama, mimi sioni haya. Nimeona haya ya kutokuja."

Alisita kusokota. Akamtazama Maalim anavyolia juu ya udongo, akanitazama mimi na kanzu yangu nyeupe, nimekaa nimeduwaa. Uso wake ukakunjamana.

"We! Umekaa tu unatazama watu wazima wanalia? Huna adabu? Nenda kisimani kamletee mwalimu wako maji anawe uso!"

Nikainuka upesi, nikajikwaa kwenye kizingiti. Ndoo ilikuwa mlangoni. Kisimani wanawake walinipisha wakicheka, mwanamume mzima wa mjini na kanzu yake ya kazi, na mmoja akauliza, "Bwana katumwa na nani?" Nikasema nimetumwa na mama yangu. Nilivuta maji kwa pupa, kamba ikanichuna viganja, nikayachukua mbio mbio, nusu yakamwagikia miguuni.

Mama akachungulia ndani ya ndoo. Akatia mkono, akautoa, akanionesha kiganja.

"Maji gani haya? Mchanga mtupu. Umechota kisima cha chini. Nenda cha juu, kule kwenye minazi, tena usikimbie kama mwehu."

Nikayamwaga, nikarudi tena.